Uji Kabla ya King'ora

Kutoka juu ninapokaa, shemeji yangu ni kofia ya njano na mikono miwili. Mimi naendesha kreni katika kiwanda cha shaba hapa Shituru, mjini Likasi, ile inayotembea juu ya reli mbili chini ya paa, na yeye, kaka wa mke wangu, ndiye anayefunga mabamba ya shaba kwenye ndoano kule chini. Akiinua kidole, nainua. Akikunja ngumi, nasimamisha. Kelele hazituruhusu kusikiana, kwa hiyo usalama wake wote uko katika macho yangu na mkono wangu wa kulia. Kwa miaka mingi sikuwahi kuliwaza jambo hilo. Mwaka huu sikuwaza lingine.

Yalianza kwa baridi. Oktoba mwaka jana, jua la Likasi linachemsha mabati, mimi nimevaa koti. Kisha uso ukavimba, tumbo likatoka, na wenzangu wakafurahi kwa niaba yangu. "Patron, uko nakula weye peke?" walinitania, maana kwetu mtu anayenenepa mambo yake yamenyooka. Yangu yalikuwa yamepinda. Niliamka kila siku nimechoka kama mtu aliyebeba magunia usingizini. Damu yangu ikapelekwa Lubumbashi, majibu yakarudi, na dokta wa hospitali, mke wangu akiwa kando yangu, akaniambia kwamba tezi ya shingoni, aliyoiita tiroidi, inafanya kazi polepole mno. Nitameza kidonge kimoja kila asubuhi, labda maisha yangu yote. Kidonge chenyewe kilikuwa kidogo mno, nikadhani na ugonjwa ni mdogo.

Miezi ikapita, nami nikabaki vilevile. Nilijifunza ujanja wa mtu mchovu. Nyumbani sikukaa kwenye kiti cha sebuleni kabla ya kuoga, kwa sababu nikikaa sinyanyuki tena. Kwenye kreni niliendesha nikiwa nimesimama, nikitafuna tangawizi mpaka ulimi ukawaka. Wakati wa mapumziko, wenzangu wakila bukari, ugali wetu, mimi nililala juu ya ubao nyuma ya karakana, kofia usoni. Kanisani nilikuwa nimeshasinzia kabla padri hajaanza mahubiri, na kiwiko cha mke wangu ndicho kilichoniamsha. Haya yote yangekuwa vichekesho kama kazi yangu ingekuwa kuuza vitunguu.

Siku moja shemeji alikunja ngumi, nami nikaiona. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Sikuwa nimelala. Niliiona ngumi vizuri kabisa, nikajua maana yake, na mkono wangu ukachelewa. Mabamba yakaendelea kushuka. Yeye akaruka kando, yakatua pale alipokuwa amesimama.

Nilishuka ngazi mbio. Yeye alikuwa anacheka, kicheko cha mtu asiyetaka kuitwa mwoga, akaniita shemeji kwa Kifaransa cha hapa kwetu.

"Bofrere, ulikuwa nalota?"

"Nisamehe, shemeji."

"Haukuniuwa. Juu ya nini uko natetemeka weye, na miye njo niliruka?"

Hakumwambia mtu yeyote, hata dada yake. Wema ule ulinisumbua kuliko kama angenitukana. Jioni nilimtazama mke wangu akipuliza makaa kwenye jiko letu la mbabula, na maneno ambayo huenda siku moja ningelazimika kumwambia yakajipanga yenyewe kichwani mwangu: kaka yako amekufa, na ni mimi. Sikuyaita. Yalikuja tu, kila jioni.

Nikarudi kwa dokta kumwomba aniongezee dawa. Alitazama majibu ya damu, akakunja uso.

"Papa, hii dawa unaimezaka namna gani?"

Nilijibu kwa fahari. "Kila asubuyi, dokta. Sikosake hata siku moja. Na uji ya soya."

Akaweka kalamu chini.

Hapa inabidi nieleze. Mke wangu alizaliwa katika nyumba hizi hizi za wafanyakazi, na baba yake alifanya kazi kiwandani kabla yangu. Kwao mwanaume hatoki kwenda kiwandani na njaa. King'ora cha kiwanda kinapolia, uji uwe umeshafika tumboni, la sivyo majirani watamsema mwanamke. Tena sisi sote tumelelewa na dawa za malaria, na kila mama wa hapa anajua kwamba ukimeza dawa kali juu ya tumbo tupu itakuangusha. Dokta alikuwa ametuambia tumbo tupu tangu mwanzo. Mke wangu alimsikia, akaguna, akasema yule bado kijana, hajui kazi ya kiwanda. Kadiri nilivyozidi kuchoka ndivyo alivyozidisha soya, mpaka kijiko kikasimama chenyewe kwenye bakuli. Na uji ule, dokta alisema, ndio uliokuwa ukiizuia dawa isiingie mwilini.

"Mayi tu, papa. Kisha ungoje saa muzima." Halafu akauliza nafanya kazi gani. Nilitamani kudanganya. Nikamwambia.

"Ushuke kwanza," alisema. "Mpaka damu itakuwa muzuri."

Kesho yake mimi mwenyewe nilimwendea mkuu wa zamu, nikapewa bomba la maji la kuoshea mabamba. Kilichokuwa kigumu ni kumweleza mke wangu. Nilimwambia yote mawili, uji na ile ngumi.

"Basi ni miye njo niko nakuzuiya kupona?" alisema. "Na kaka yangu iko chini yako pale?"

"Haukujua."

"Nilijua. Dokta alisema, miye njo nilikatala."

Alilia. Kisha akakasirika, kwanza na dokta, halafu na mimi, halafu na sufuria. Tangu siku ile huniamsha mapema, ananipa maji na kidonge, kisha anakaa na sufuria mapajani, imefungwa kwa kitenge isipoe, akiitazama saa ya ukutani kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Hatuzungumzi sana katika saa ile. Sote wawili tunaogopa.

Damu ikawa nzuri, dokta akaniruhusu kupanda. Lakini kuna siku uchovu hunirudia bila kubisha hodi, na hakuna anayeweza kuniambia ni siku ipi. Nilimweleza shemeji hivyo hivyo, waziwazi, chini ya ngazi.

"Siku mubiri ikiwa nzito, nitakuambia. Sitapanda."

"Na leo?"

"Leo niko muzima."

Alinitazama machoni. "Basi panda, bofrere."

Nikapanda. Akafunga mabamba, akaivuta ndoano kuijaribu. Zamani alikuwa akisimama palepale kando ya mzigo, mkono kiunoni, kwa sababu alinijua. Safari hii aliinua kidole, kisha akaanza kurudi nyuma, taratibu, bila kunipa mgongo, akielekea kwenye nguzo wanaposimamishwa wageni. Iliniuma sana. Tena nilimshukuru, kwa sauti kubwa, ingawa hakuweza kunisikia. Mkono wangu ulikuwa tayari, lakini nilisubiri afike kwenye nguzo kwanza, ndipo nikainua.