Amana ya Kuresha

Siku ambayo Kuresha alinishikisha pesa zake mara ya kwanza bado naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha wiki nzima, barabara ya Bura ilikuwa matope matupu, na gari la maziwa lilifika Garissa saa nane mchana badala ya saa tatu asubuhi. Kuresha alishuka pamoja na madumu yake ya maziwa ya ngamia, matope yamemfika magotini, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu sokoni. Hakuanza na habari za njiani. Alifungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akatoa noti zilizokunjwa, akaniwekea kiganjani.

"Abaayo," akaniambia, ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita dada, "hizi nishikie mpaka jilaal. Na kuanzia leo nusu ya mauzo yangu usinitumie, iweke. Kule kwangu pesa haikai. Wakijua ninayo, kila shemeji anaumwa."

Nilicheka, nikazipokea. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Nikueleze kidogo biashara yenyewe, maana wewe umezoea maziwa ya pakiti. Kuresha na wenzake waliishi porini nje ya Bura na ngamia wao, upande wa Fafi. Walikamua alfajiri, wakamimina kwenye madumu waliyoyafukiza moshi ili maziwa yasiharibike, wakayapakia kwenye gari la Dubow, dereva wetu. Sisi wanawake wa mjini tuliuza, na jioni Dubow alirudisha madumu matupu pamoja na sukari, majani ya chai na pesa. Hapakuwa na karatasi wala saini. Sasa, wakati wa mvua maziwa yanamwagika na pesa ipo. Ikija jilaal, kile kiangazi kirefu, ngamia wanakauka, na ndipo mtu wa porini anapohitaji pesa kuliko wakati wowote. Kwa hiyo mwanamke wa porini alimchagua mwanamke mmoja wa mjini amshikie pesa za mvua mpaka kiangazi. Tuliita amana. Ukichaguliwa, ulitembea sokoni kifua mbele.

Mimi nilichaguliwa na Kuresha, na nilitembea kifua mbele kweli.

Nilitafuta makopo mawili ya maziwa ya unga, moja nikaweka pesa zangu, jingine za Kuresha, yote chini ya kitanda. Wiki za kwanza sikugusa. Kisha asubuhi moja mteja alitoa noti kubwa na mimi sina chenji, nikatuma mtoto achukue kwenye kopo la Kuresha. Jioni nilirudisha, wallahi nilirudisha. Wiki iliyofuata nikachukua ya unga wa nyumbani, nikarudisha nusu. Mwisho wa mvua nilikuwa nimeacha hata kuangalia kopo lipi ni la nani. Nilichojua ni kwamba nikiyanyanyua yana uzito, na uzito ule ulinipa raha moyoni. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Mombasa, mwezi yupo, mwezi hayupo, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na wa kuniuliza.

Basi ikaja harusi ya wifi yangu. Kwetu, kabla ya harusi wanawake hukaa pamoja kumtayarishia bibi arusi nyumba yake, na kila mmoja hutaja atakacholeta, mbele ya watu, kwa sauti. Nilitoka nyumbani nikiwa nimeamua: mablanketi mawili, basi. Lakini mke wa shemeji yangu mkubwa akataja kitanda. Aliyefuata akataja seti nzima ya sufuria. Zamu yangu ilipofika nilisikia mdomo wangu ukisema: kabati, godoro na hereni za dhahabu.

Vigelegele vilipigwa mpaka paa likatetemeka. Sitakudanganya, mwanangu, kwamba nilijuta papo hapo. Nilifurahi sana. Usiku na mchana wa wiki ile nilikuwa mke wa maana, na mama mkwe wangu aliyekuwa akiniita kwa jina tu akaanza kuniita binti yangu.

Kabati, godoro na hereni zilimaliza makopo yote mawili. Nikajiambia hakuna neno, mvua za vuli zitakuja, maziwa yatajaa, nitajaza kopo la watu kabla halijaulizwa. Niliiamini kabisa hesabu ile. Vuli hazikunyesha.

Mwezi wa kumi na moja Dubow alisimama mezani kwangu na ujumbe. Kuresha alitaka magunia mawili ya unga, sukari, mafuta na dawa ya kupe.  Nikamkopa mwenye duka nusu gunia, nikampa Dubow, nikasema, "Mwambie bei imepanda, nasubiri ishuke nimnunulie yote kwa pamoja." Dubow akaniangalia, akapakia.

Wiki tatu baadaye akarudi na ujumbe ule ule. Safari hii nilisema mume wangu amesafiri na ufunguo wa sanduku. Ufunguo! Pesa zilikuwa zikikaa kwenye kopo la maziwa ya unga ambalo hata kifuniko lilikuwa halina. Najicheka leo, lakini kicheko chenyewe hakinipi raha.

Mara ya tatu Dubow hakuleta ujumbe, alimleta Kuresha mwenyewe. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka, na viatu vyake amevifunga kwa kamba. Nilimpokea kwa mikono miwili. Unajua nilifanya nini? Nilikwenda kwa muuza nyama nikakopa kilo mbili, nikakopa na mchele, nikampikia chakula cha heshima. Nilikuwa nimekula pesa yake, sasa namkirimu kwa deni jingine ili asijue. Alikula matonge matatu, akashukuru, akanawa.

"Abaayo," akasema, "nimefuata kitu changu."

Hapo uongo uliniishia. Nikamwambia yote, harusi, kabati, hereni, nikilia kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilitamani anitukane. Nilitamani hata anipige, majirani wasikie, yaishe.

"Pesa ni kitu cha kuliwa," akasema. "Hata mimi pengine ningezila. Lakini siku Dubow alipokuja mara ya kwanza, ungesema. Siku ile ngamia wangu alikuwa bado na nundu. Ningemleta hapa soko la Jumatano, ningepata unga wa kiangazi chote na akiba juu. Sikumuuza kwa sababu nilijua nina pesa mjini. Nikangoja. Kila siku nikawaambia watoto, kesho gari litaleta. Juzi nimemuuza Bura, mifupa mitupu, mnunuzi amenipa bei ya mbuzi watatu. Ndama wake alikufa kabla sijamuuza."

Nikavuta sahani za chakula kando.

"Ni yule mwekundu," akaongeza. "Maziwa uliyokuwa ukiyasifia kwa wateja."

Akaswali alasiri pale pale ukumbini, akakunja mkeka, kisha akaniomba madumu yake matupu. Nilikuwa nayo manne. Aliyafunga pamoja kwa kamba, akayabeba, akaenda kutafuta gari. Nilimfuata mpaka mlangoni na sikuthubutu kutoka nje.

Mwanangu, habari za mjini hukimbia. Ndani ya wiki mbili hakuna mwanamke wa Bura aliyenitumia maziwa. Meza yangu ikachukuliwa na mwingine. Mume wangu aliporudi alikasirika. Niliuza bangili zangu za ndoa, lakini hazikufika hata nusu ya deni. Nikafungua kibanda cha chai na anjera, mkate wetu mwembamba, karibu na shule, nikawauzia walimu wa bara waliokuwa wamehamishiwa kwetu. Walikuwa watu wazuri, ila mwisho wa mwezi mifuko yao ilikuwa na upepo tu, kila mmoja akisema, "Mama, niandikie kwa kitabu."

Na mimi, kwa Kiswahili changu cha wakati ule, nikiwajibu, "Bole, mwalimu. Hii kibanda habana kitabu. Lete besa, kunywa chai."

Walinicheka matamshi, wakaniiga wakipita barabarani. Wacheke. Nilikuwa nimejifunza kusema hapana, na nilikuwa nimechelewa kujifunza.

Miaka mitatu na nusu nilimlipa Kuresha kidogo kidogo kupitia kwa Dubow. Fungu la mwisho nilikwenda kumpa mwenyewe, Bura. Alipokea bila kuhesabu, akanishika mkono, akasema amenisamehe duniani na akhera. Nami kwa furaha nikamuuliza kama ataniletea maziwa tena mvua zikinyesha. Alitabasamu. Akanimiminia chai, akaniuliza habari za watoto. Mvua zilinyesha mwaka ule, na mwaka uliofuata. Maziwa ya Kuresha yalipita mbele ya kibanda changu kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili, yakaenda kwenye meza ya mtu mwingine, mpaka Mungu alipomchukua.

Nimechoka, nakwambia kweli. Nimechoka kuwasikia watoto wetu wakinisimulia hadithi hii hii wakidhani ni mpya. Mmoja amepata kazi ya mkataba, mshahara umechelewa miezi miwili, amekopa kwenye simu kulipa kodi, amekopa kwingine kulipa kule, na simu inampongeza kwamba sasa anaweza kukopa zaidi. Mwingine ni mweka hazina wa ayuuto ya wenzake kazini, kila mwezi wanachanga na mmoja anapokea, na michango yote inaingia kwenye namba yake pamoja na mshahara wake. Anafungua simu, anaona tarakimu moja nzuri, moyo unatulia. Kisha rafiki anaoa, wanataja michango kwenye kundi la simu, na yeye anaandika kiasi ambacho asubuhi hakuwa nacho akilini. Hakuna aliyeiba hapo. Mimi pia sikuwahi kujiita mwizi.

Sikulaumu kwa kukosa. Maisha yamekuwa ghali, unga umekuwa ghali, na ndugu wanaokutegemea ni wengi kuliko waliokuwa wakinitegemea mimi. Ukiwa wa kwanza nyumbani kupata mshahara, kila mtu ana shida siku ile ile. Lakini nisikie mimi mzee wako.

Pesa ya mtu iweke mahali ambapo mkono wako unapata tabu kufika, hata kama ni kwa namba nyingine au kwa mtu mwingine mkali. Usiwe na kiburi cha kusema utajizuia. Unapokwenda kwenye mchango, taja kile ulichotoka nacho nyumbani, ukae chini, uvumilie kuitwa mchoyo kwa siku moja. Ndugu akiomba, mpe unachoweza kukisahau, na usichoweza kukisahau mwambie hapana ukiwa unamtazama usoni. Usihesabu mvua ambayo haijanyesha, wala mshahara ambao haujaingia. Mwezi mmoja ukikosa kabisa, kula kidogo na uwaambie watu kwamba umekosa.

Hayo yote hata redio itakuambia. Langu mimi ni moja. Ukishakosea, sema siku ya kwanza. Hereni zile zilikula pesa za Kuresha, lakini kilichomla ngamia ni miezi miwili ya uongo wangu. Nilikuwa nikiokoa uso wangu, na kila siku niliyouokoa aliilipa yeye na watoto wake, waliokunywa chai ya rangi kiangazi kizima wakingoja gari. Unayemficha hukaa pale akipanga maisha yake juu ya kitu ambacho hakipo. Mpe nafasi ya kuuza wakati bado kuna nundu. Kama hivi unavyosoma kuna mtu umeshika pesa yake na haipo, weka maandishi haya chini, mpigie. Usimtumie ujumbe. Mpigie, aisikie sauti yako ikitetemeka.

Ataudhika. Pengine atakutukana, na hilo ni jepesi, niamini mimi ambaye sikutukanwa.

Mungu akupe riziki ya halali, mwanangu, na aitie baraka hata ikiwa ndogo. Akupe kazi isiyokudhalilisha na mwenzi unayeweza kuhesabu naye bila kufichana. Akufungue ulimi siku unapoogopa. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akujaalie mtu atakayekusamehe kisha akuamini tena. Mimi nilisamehewa tu.