Kioo Kikubwa cha Kaburi

Mtaa mzima ulimwita mama yangu mdogo Kaburi, naye alilipokea jina hilo kama cheo. Kwa miaka ishirini na sita alipiga chapa barua za watu katika chumba chembamba kilichopakana na kliniki, na halikuwahi kutoka humo neno hata moja kwa mdomo wake. Alimjua mwanamke aliyeomba talaka mara tatu na kuifuta mara tatu. Alimjua mzee aliyemwandikia jirani wa kike nyumba nzima na watoto wake mwenyewe akawaachia redio. Akikutana na watu hao sokoni, aliwasalimia kama anavyosalimiwa mpita njia. Nilijaribu kumchimba tangu nikiwa msichana, sikupata hata kokoto.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu usiobadilika. Meza ilijaza upana wa chumba, imegusa ukuta wa nyuma. Mteja alikaa kwenye kigoda karibu na bega lake la kushoto na kusema shida yake kwa sauti ya chini. Yeye akiandika amewapa mgongo waliongoja kwenye benchi pale mlangoni. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa na kioo kidogo kilichofifia, na boksi chini ya meza lililopuliza hewa ya moto. Wakati wa baridi aliliwekea miguu.

Siku boksi lilipotoa moshi na kunyamaza, alitangaza kwamba anataka ile mashine ya kipande kimoja, yenye kioo kikubwa na kila kitu ndani yake. Fundi wake wa kompyuta, mtu aliyezungumzia mashine kwa sauti ya daktari anayetoa majibu mabaya, alimsihi sana. Alimweleza kwamba mashine za namna hiyo hazifunguki kwa urahisi, kuziongezea nguvu baadaye ni shida, na kikipasuka kioo utaibeba yote kuipeleka kwa fundi kama unavyombeba mgonjwa na kitanda chake.

"Mama, hii ikiumwa kichwa, mwili wote unalala," alisema.

"Na mimi nimeumbwa hivyo hivyo," Kaburi akamjibu. "Ilete."

Sababu ya kweli tuliijua watu wawili tu. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali ya macho. Daktari alisema sehemu ya katikati ya macho yake inachakaa, miwani haitamsaidia sana, ila herufi kubwa zingempa miaka michache ya kazi. Njiani kurudi hakulia. Alinishika mkono akasema watu wakijua haoni watamhurumia, na hakuna mtu anayempa siri zake mtu anayemhurumia.

"Kwa hiyo na wewe sasa ni kaburi," aliniambia. "Dogo."

Mashine ilikuja ndani ya katoni iliyotosha kulaza mbuzi. Lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Waya mmoja tu ulikwenda ukutani, na ile misokoto ya chini ya meza, iliyokuwa ikimkwaza kila asubuhi, ikatoweka. Kioo kiling'aa kama dirisha la watu wenye uwezo. Ile kamera ya juu aliifunika kwa plasta ya kidonda aliyopewa kliniki, akisema hajaolewa nayo. Kisha akakuza herufi mpaka kila moja ikawa kama kipande cha sabuni, akaandika barua yake ya kwanza bila kukunja uso. Kwa wiki kadhaa nilimsikia akiimba kazini, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu mume wake afariki.

Benchi nalo lilikuwa na furaha. Watu waliokuwa wakinung'unika kwa kungoja walianza kufika mapema na kuchagua pa kukaa. Waliokwisha kuhudumiwa hawakuondoka. Ng'ambo ya barabara kinyozi aligeuza viti vyake vikatazama nje, na mteja aliyeuliza atajionaje kichwa aliambiwa atulie, kuna barua ya mirathi inaendelea. Kaburi, mgongo wake mlangoni na macho yake yakiwa yale, hakujua kitu. Mara moja mtu wa benchini alimshauri mteja wa kigodani apunguze maneno ya kujishusha katika aya ya pili. Kaburi alidhani mteja ndiye anayepaza sauti, akamwomba aseme polepole.

Na mimi simo katika wasafi. Siku moja ya likizo nilikaa kwenye benchi hilo kumngoja, nikasoma barua ya mwanamume aliyekuwa akimwomba kaka yake msamaha. Nilifika kwenye jina lake pale chini ndipo aibu ikanifikia, nikakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima niliyesoma chuo. Hata hivyo sikumwambia mama. Alikuwa akiimba.

Aliyemwambia ni nesi wa kliniki ya jirani. Alikuwa amekuja kuandika barua ya kuomba kazi kwingine, akaondoka, na kabla hajavaa tena koti lake la kazi mkubwa wake alimuuliza anahama lini. Kesho yake alisimama mlangoni, hakukaa.

"Mama, hata mume wangu sikumwambia," alisema. "Nilikwambia wewe tu."

Kaburi aliapa kwa kila kitu alichokuwa nacho. Nesi hakubishana. Alimshika mkono, akamkalisha kwenye benchi kati ya wateja waliokuwa ghafla wanatazama viatu vyao, akamwambia asome. Na mama yangu mdogo, ambaye asubuhi ile alikuwa amenisalimia akidhani mimi ndiye fundi wa kompyuta, alikisoma kioo chake mwenyewe kutoka benchini, mstari kwa mstari, mpaka mwisho.

Nesi akaenda zake. Habari ikaenda kasi kuliko yeye, na benchi likabaki na mtu mmoja, naye alikuwa anakwepa jua.

Kwa siku mbili Kaburi alijaribu herufi ndogo. Katika siku hizo mlinzi wa usiku mwenye ndevu nyeupe, aliyetaka ruhusa ya kwenda kutibiwa mgongo, alipeleka kwa mwajiri wake ombi la likizo ya uzazi, kwa sababu lilifunguliwa faili lisilo lake na hakuna aliyeliona. Mwajiri alimrudisha na pongezi.

Nikamuuliza kwa nini asigeuze tu hiyo mashine itazame kwingine, waya wenyewe ni mmoja. Alikuwa ameshalipima jambo hilo kuliko mimi. Akiielekeza meza mlangoni itaziba chumba, na kila asubuhi itambidi airuke, jambo ambalo hajalifanya tangu shule. Njia iliyobaki ni kuiegemeza meza kwenye ukuta wa pembeni. Hapo benchi halitaona kioo, ila litamwona yeye kwa ubavu, pua yake ikiwa shubiri moja tu kutoka kwenye maandishi.

"Ni siri zao au yangu," alisema. Akachomoa waya ukutani. Kisha akasema, "Shika upande ule."

Wa kwanza kufika asubuhi iliyofuata alikuwa kinyozi, aliyevuka barabara na mkasi mkononi kulalamika kwa niaba ya wateja wake kwamba hawaoni kitu. Nyuma yake wakaja wengine kuangalia kilichotokea. Wakamkuta Kaburi ameinama mbele ya kioo kile kikubwa kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

"Mama, hiyo barua unainusa?" kinyozi akauliza.

"Ndiyo. Na yako ya mwezi uliopita ilinuka."

Walicheka wote, na kinyozi akacheka kwa kuchelewa. Kaburi aliungoja mwisho wa kicheko, akawageukia, akasema kwa sauti ile ile kwamba macho yake yanakwisha, herufi ndogo hazioni na nyuso zao hazioni, na anayetaka mpiga chapa mwenye macho yuko mwingine kule stendi. Mchana haujafika mtaa wote ulikuwa unajua. Wengine walikwenda stendi kweli.

Nesi alikuja siku ya nane. Nilikuwa benchini. Aliingia bila kusema kitu, akakaa kwenye kigoda. Kaburi akamgeukia, akangoja.

"Hunijui?" nesi akauliza.

"Sasa nimekujua, kwa sauti."

"Tukikutana sokoni?"

"Usiponisemesha, nitakupita."

Nesi alilifikiria hilo. Akasema ile nafasi ya kwanza imeshapata mtu, ila kuna nyingine, mbali zaidi. Akasogeza kigoda mbele.

"Basi andika," alisema, halafu sauti yake ikashuka. Kutoka pale nilipokaa niliona ubavu wa kioo, mwembamba kama daftari, na pua ya mama yangu mdogo. Herufi sikuona hata moja.