Shavu la Mwalimu Shifa

Mwalimu Shifa anasomesha watoto Kurani kule Nateete. Jino lake la juu lilipozidi kumsumbua alikataa katakata kung'olewa, akaenda kliniki moja ya Bugolobi kutibiwa mzizi.

Ganzi ilishika vizuri. Daktari Aryemo alikuwa akiosha ndani ya mzizi kwa sindano ya dawa, mara Shifa akahisi kama kaa la moto limewekwa chini ya jicho. Alipiga ukelele. Shavu likaanza kuvimba palepale.

"Dawa imepenya nje ya jino, imeingia kwenye nyama," daktari alisema bila kuficha. "Ni ajali. Nisamehe, mwalimu." Akasuuza kwa maji ya chumvi, akampa vidonge, akamwambia akande kwa barafu na arudi kesho kutwa. "Utavimba zaidi, na ngozi itavilia damu. Usiogope, itapona."

Asubuhi jicho lilikuwa limefumbika, weusi umeshuka hadi shingoni. Wazazi walioleta watoto walimtazama, kisha wakamtazama mumewe Sufian, fundi cherehani asiyejua hata kupaza sauti. Shifa alieleza habari ya jino kwa mdomo usiofunguka sawasawa. Wakatikisa vichwa.

"Pole, mwalimu," mama mmoja alimnong'oneza. "Hata mimi huwa nasema nimejigonga mlangoni."

Jioni kaka yake Shifa, Uthman, akaja. Alikataa hata kiti.

"Shemeji, dada yangu umemfanya nini?"

"Muulize mwenyewe," Sufian alijibu.

"Ni jino, kaka! Jino!"

"Ndivyo alivyokufundisha useme?"

Shifa akalia kwa hasira. Alimpigia simu yule daktari wa kike, Uthman akakataa kuipokea. "Sauti ya mwanamke yeyote mnaweza kuniwekea sikioni," alisema.

"Basi kesho twende mimi na wewe," Shifa akamwambia. "Ukamsikie ana kwa ana."

Walikwenda. Daktari Aryemo alimwonyesha Uthman picha ya jino na mahali dawa ilipopenyea, akarudia kwamba kosa lilitokea mikononi mwake. Waliporudi Nateete, Uthman alimpa Sufian mkono. Sufian aliupokea, lakini macho yake yalibaki kwenye cherehani.

Shavu lilirudi hali yake baada ya wiki kadhaa, na jino likamaliziwa matibabu. Yule mama bado humuuliza Shifa kwa sauti ya chini, "Siku hizi ametulia?"

Shifa amechoka kumjibu.