Gari Lililomkataa Linet

Kabla ya mapambazuko nilisikia zipu ya begi ikifungwa polepole chumba cha pili.

Nikajua mkaza mwanangu, Linet, anafukuzwa nyumbani kwangu na gari.

Ndiyo, gari. Msicheke bado.

Kila Sabato mwanangu Machogu alitupakia kwenda kanisani. Linet akiwemo, gari lilikataa kuwaka njiani. Akibaki nyumbani na mtoto wao Bravin, tulifika bila shida.

Sisi Wasabato hatuiti fundi Jumamosi. Tuliliacha barabarani, tukatembea. Jua likishatua Machogu alirudi, akazungusha ufunguo mara moja, likawaka.

Binti yangu Maureen, mwenye mdomo mrefu kuliko akili, akatoa hukumu: "Gari linamkataa huyu. Amekuja na mkosi kutoka kwao Ogembo."

Machogu, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaamini! Nimemzaa mimi, kwa hivyo naruhusiwa kusema: alikuwa bure kabisa.

Fundi Obwocha wa Kebirigo naye aliitwa Jumapili baada ya Jumapili, injini ikiwa baridi kama jiwe. Anawasha, linawaka, anapangusa mikono ambayo haijachafuka. "Mama, gari ni zima. Hayo mengine ombeeni."

Daktari gani hupima mgonjwa aliyekwisha kupona?

Mimi nilikuwa nimeona jambo dogo. Linet akiwemo, husema, "Baba Bravin, simama kidogo kwa magokoro." Magokoro ni nyanya kwetu: anashuka na chupa ya uji kwa bibi Tryphosa wa kando ya barabara, ambaye miguu haimpeleki tena popote. Machogu anazima gari kumsubiri. Linet akirudi, linakataa. Asipokuwepo, hakuna anayemkumbuka Tryphosa, wala anayesimama.

Basi asubuhi hiyo ya Jumapili nikachukua begi la Linet, nikalikalia.

"Haendi mtu. Linet, baki na mtoto. Obwocha akija, apande nyuma nami. Maureen, leo uji unapeleka wewe."

"Mama, mimi na uji wapi na wapi?"

"Panda."

Tukaenda, begi mapajani mwangu. Kwa Tryphosa, Machogu akazima. Maureen akaingia na chupa kama aliyebeba sumu, akakawia kutafuta kikombe, akarudi.

Nyee, nyee, nyee. Halikuwaka.

"Maureen," nikamuuliza, "nawe umetoka Ogembo?"

Obwocha hakuwa na mzaha tena. Akafungua plagi, zimelowa petroli. Akachomeka mashine yake ya kupimia, ikasema injini ni baridi. Akaigusa injini, akaruka. "Uuui! Imechemka hii!"

"Sasa?" Machogu akauliza.

"Sensa inayopima joto la injini inadanganya. Inaambia kompyuta kuna baridi, kompyuta inamwaga petroli nyingi mno. Likikaa hadi lipoe, petroli inakauka, na sensa inakuwa imesema kweli."

Akakanyaga mafuta hadi chini ili kompyuta ikate petroli, akawasha. Likatema moshi mweusi, likanguruma.

Sensa mpya aliyoiweka ni ndogo kama kidole gumba. Kwa kifaa kidogo hivyo mke wa mtu nusura arudishwe kwao!

Machogu akalichukua begi mapajani mwangu. Nyumbani alilibeba mwenyewe mpaka chumbani, akalifungua.

Wanangu mnaosoma, gari hupimwa likiwa linaugua. Na kabla hujamwita mtu mkosi, tazama anaposhuka, anamshukia nani.

Ila hayo ya begi yalikuwa baadaye. Pale pale tukiondoka, Tryphosa aliita kutoka mlangoni:

"Maureen, asante kwa uji. Lakini Linet yuko wapi? Mwambieni aje tena. Yeye hukaa nami mpaka nimalize."