Machozi ya Msiba wa Kwihara

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama nje ya mlango wa maabara mpaka jua likapanda, maana niliona haya kubisha. Nilikuwa nimetoka sekondari juzi tu, kaptura bado ya shule. Aliyenifungulia ni Mzee Shabani, Msaidizi Mkuu wa Maabara, Mzaramo ambaye babu yake alifika Tabora na misafara akafanya maskani hapa.

"Shikamoo," nikauambia mlango.

"Marahaba. Umekuja kufanya kazi, au kuutegemeza ukuta?"

Enzi za Mwingereza, enyi mnaosomea kazi hii, hadubini yetu ilitegemea mwanga wa dirishani. Mawingu yakitanda, kazi husimama. Vijidudu tulivipanda kwenye sahani za kioo zenye mchuzi wa nyama uliogandishwa, tukaviweka ndani ya kabati la joto. Asubuhi unakuta sahani imeota madoa ya manjano.

Mkuu wa Maabara, Mzungu tuliyemwita Bwana Daktari, alikuwa akichunguza wagonjwa wa macho. Alitaka kujua kama machozi yao yamepungukiwa nguvu. Ndipo nilipojifunza kuwa ndani ya machozi, mate na ute wa yai mna kitu kinachobomoa ukuta wa bakteria. Ninyi mnakiita kimeng'enya. Mzee Shabani alinieleza kwa lugha yake: "Bakteria ni tembe, nyumba ya fito na udongo. Fito za ukuta zimefungwa kwa kamba. Hiki kinakata kamba, maji yanaingia, tembe inapasuka."

Kwa kulinganisha, yalitakiwa machozi ya watu wenye macho mazima. Tulikata vitunguu tukalia wenyewe, mpaka vitunguu vikatuzoea.

"Yangu yamekwisha," Mzee Shabani akasema. "Mke wangu wa pili kayamaliza. Lia wewe, Mnyamwezi, bado hujaoa."

Nikapewa kichupa chenye kizibo cha mpira, nitembee nacho mfukoni. Chozi likinijia, nilikinge. Kumwomba mtu mwingine nisingeweza. Mimi hata chumvi siombi mezani.

Kisha shangazi yangu aliyenilea akafariki huko Kwihara. Nilikwenda kwa baiskeli, na nilipouona mwili wake nililia kweli. Nikaona haya kulia mbele za watu, nikaugeukia ukuta. Mkono, kwa mazoea ya kazi, ukatoa kichupa ukakiweka chini ya jicho.

"Yule pale anafanya nini?" mwanamke akauliza. "Jamani, anakinga machozi!"

Kilio kikakatika. Sijapata kusikia kitu cha kutisha kama msiba ulionyamaza. Halafu mtu akatamka kwa sauti ndogo: "Mumiani." Siku hizo ilivuma kwamba watu wa hospitali hunyonya damu za watu wakawatengenezee Wazungu dawa, na walioshukiwa walipigwa bila kuulizwa.

Baba Mkubwa, kaka wa marehemu na msimamizi wa msiba, alinikamata kifundo cha mkono.

"Ya nani haya?"

"Yangu, Baba Mkubwa."

"Yako? Machozi ya msibani si ya mtu, ni ya marehemu. Unampelekea nani?"

Nyuma yake niliona kijana akichomoa mpini kwenye jembe. Baba Mkubwa akakitia kichupa mfukoni mwake. "Kesho nitakuja huko kwenu nione yanafanya kazi gani. Nikiona ubaya, hatutachimba kaburi moja tu."

Alikuja kweli, na wanaume wawili wenye mipini. Bwana Daktari, asiyejua lolote, alifurahi kupata wageni. Akawaeleza kuwa bomba la kioo lina vijidudu hai, bakteria waliochanganywa na maji, meupe kama yaliyooshewa mchele. Baba Mkubwa mwenyewe akamkabidhi kichupa. Likadondoka tone. Tukangoja. Polepole yale maji yakatakata, mpaka dirisha likaonekana upande wa pili.

Nilidhani nimeokoka.

Baba Mkubwa akarudi nyuma. "Chozi hilo limeua vijidudu vyote?"

"Vyote kabisa!" Bwana Daktari akajibu kwa fahari.

"Basi hatukumsingizia. Yana nguvu, na mtoto wetu ameiba nguvu za msiba."

Mipini ikainuka mlangoni. Mkojo ulinitoka, siwafichi.

Mzee Shabani akavua kofia, akapita katikati yao kana kwamba mipini ile ni mabua.

"Wanyamwezi hamna adabu! Mmefiwa, hamkuniita mimi mtani wenu, sasa mnaniletea matanga kazini? Lete hicho kichupa. Cha msiba hukirudisha mtani."

Bwana Daktari alitutazama mmoja mmoja, asielewe. Lakini Baba Mkubwa alielewa. Utani wa Mnyamwezi na Mzaramo ulianza njiani, kwenye mizigo ya misafara, na neno la mtani msibani halipingwi. Mipini ikashuka.

Mchana uleule tulikwenda Kwihara. Nilitembea nyuma ya Mzee Shabani. Kaburini akaking'oa kizibo, akamwaga.

"Shika machozi yako, bahili we! Umekufa, na bado unadai!"

Mjane mmoja akacheka, na wengine wakafuata, Baba Mkubwa naye. Hapo ndipo nilipojua nitaishi.

Nilifanya kazi Nzega, nikafanya Kigoma, nikarudi Tabora kuwa mkuu wa maabara ileile. Sikuchukua tena hata tone la mtu kabla hajaona ninachofanya na kunikubalia. Nimestaafu, lakini woga ule haujastaafu. Msibani mimi hukaa mbele za watu, viganja juu ya magoti, na machozi nayaacha yadondoke ardhini.

Mzee Shabani alipofariki, ikawa zamu yangu, mimi Mnyamwezi, kumtania. Watu walijaa, wakanitazama mimi mtu wa haya. Nikainama juu ya kaburi.

"Mzaramo we, si ulisema yako yamekwisha? Haya, chukua yangu."

Sikuyakinga.