Salamu Zilizopita Kwenye Waya

Harufu ya plagi iliyopata moto hunirudisha kwa bibi, nyumbani Mwankoko. Alikuwa hawezi tena kutoka kitandani, chumba cha uani. Baba akachomeka visanduku viwili vya kuongelea, kimoja kwa bibi, kimoja sebuleni, na sauti ikawa inapita kwenye nyaya zilezile za taa.

Kila asubuhi nilikuwa napiga goti mbele ya soketi ya sebuleni. “Shikamoo bibi!”

“Marahaba. Umepiga goti kweli, au umesimama tu kwa kuwa sikuoni?”

Siku moja nikachomoa kisanduku cha sebuleni nichomeke pasi, ninyooshe sare ya shule. Nilipokirudisha, bibi alikuwa katikati ya maneno: “...basi niambie nimekukosea nini, mjukuu wangu.”

Nikakimbia uani pekupeku. Nikamkuta amekiwekea kisanduku kiganja, kama anayebembeleza mtoto.