Ukuta Uliopoa Kila Jumapili

Shangazi yangu hajawahi kumiliki kipimajoto. Akitaka kujua kama tanuri limekubali, hukunja mkono wa gauni hadi begani, akautia mkono mtupu ndani, akahesabu. Akifika nane kabla hajautoa, mkate uingie. Akiishia tano, tanuri lina hasira, lisubiriwe. Akifika kumi na mbili, kuna mtu amefanya ubahili wa kuni, na mtu huyo siku zote ni mimi, maana ndiye niliye karibu. Miaka thelathini ya kazi hiyo imemwachia mkono wa kulia usio na nywele hata moja, na sifa ya kujua joto kuliko hospitali. Mtaani wanamwita Mama Tanuri, na wapo wanaomletea watoto wenye homa ili awaguse tu.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nimemkandia unga kwa miaka kumi na mmoja, na ninachosimulia hapa nimekisikia kwa masikio haya, sikuhadithiwa.

Tanuri lile lilikuwa linasema. Si kila wakati. Asubuhi, mkate wa kwanza ukishatoka, ukiinama ukaingiza kichwa mdomoni mwake, ulisikia sauti ya mwanamume ikizungumza mbali, taratibu, kama mtu anayemweleza daktari maumivu yake. Maneno mengi yalipotea. Lakini neno moja lilikuja wazi, tena na tena: nisamehe. Siku niliyolisikia mara ya kwanza niliacha kazi. Nikarudi siku ya tatu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na kazi zaidi.

Shangazi hakuogopa hata kidogo. Alijua ni nani. Marehemu mume wake aliaga siku moja kwamba anakwenda kushonesha kiatu, akarudi baada ya miaka miwili. Kiatu kilikuwa kimeshonwa, hilo hatuwezi kumnyima. Akatundika koti, akaketi, akaomba chai. Shangazi akampa chai. Hakumwuliza alikuwa wapi, naye hakusema, wakaishi pamoja miaka mingine kumi na sita hadi bwana akafariki na neno lake moyoni. Kwa hiyo tanuri lilipoanza kuomba msamaha, miaka minne iliyopita, Shangazi alisema tu, "Umechelewa."

Baada ya hapo, mwaka mzima jibu lake lilikuwa moja. Alikuwa akiingiza kichwa na kufoka, "Nyamaza, nina kazi." Halafu asubuhi moja ya mvua kubwa, unga umeumuka vizuri, wateja wamekwama majumbani kwao, sauti ikaja tena. Shangazi akaweka koleo chini. Akainama, akasema, "Haya. Nimekusamehe. Sasa niache nioke."

Tangu siku ile alikuwa mtu mwingine. Picha ya marehemu ilitoka nyuma ya kabati ikatundikwa juu ya magunia ya unga. Alianza kuimba akiwa kazini, vibaya, lakini kwa moyo wote. Hata mimi alinifokea mara moja kwa siku badala ya tano, jambo ambalo naliona kuwa muujiza mkubwa kuliko tanuri kusema.

Mwaka huu magoti yakamshinda. Mwanawe wa pekee akamnunulia tanuri la umeme, linalobonyezwa kwa kidole, akamleta mwashi akubaliane naye kubomoa lile la zamani siku ya Jumatatu. Shangazi alikubali shingo upande. Alishinda siku nzima akiligusagusa tanuri na kulifuta vumbi lisilokuwapo.

Katikati ya wiki hiyo akaja muuguzi mmoja, mteja wetu wa kila siku, macho yamevimba. Akasema baba yake mzazi anaishi peke yake katika nyumba yenye mzimu na amekataa kuhama.

"Mzimu wa aina gani?" Shangazi akauliza.

"Ukuta, Shangazi. Ukuta wa chumba cha nyuma. Asubuhi unakuwa wa moto, unapoa polepole hadi jioni. Hakuna jiko, hakuna bomba. Baba anasema ni mama. Anakaa ameuegemea, anaongea nao. Nimeita fundi umeme, nimeita fundi bomba, wote wametoka hawana jibu. Mwanamke aliyekuja kufagia aliugusa, akaacha ufagio na kandambili zake. Wewe unalijua joto. Njoo uuguse tu, uniambie kama nimepata wazimu na mimi."

Ijumaa, mkate wa pili ulipotoka, tukaenda. Nyumba ilikuwa mtaa wa pili, na kufika huko lazima uzunguke: upite kiwanda cha mbao, upite ukuta mrefu wa shule, ukunje kushoto kwa fundi magurudumu, ukunje kushoto tena. Kwa magoti ya Shangazi ilituchukua robo saa. Tulikunja kushoto mara zote hizo na hakuna aliyejiuliza tulikuwa tukizunguka nini.

Mzee alitupokea mlangoni. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, na watu walimwita Mzee Futi kwa sababu hata baada ya kustaafu alikuwa akivaa futi kamba kiunoni kama wengine wanavyovaa mkanda. Alituongoza hadi chumba cha nyuma, chumba kilichokuwa stoo mpaka mkewe alipofariki, akashindwa kulala walikolala wote wawili, akahamishia kitanda huku. Kiti kimoja kilikuwa kimeupa ukuta mgongo. Na ukutani, kwa chaki, mzee alikuwa amechora mpaka wa lile joto, umbo la nusu duara, na vipimo vyote pembeni.

"Upana futi tano na inchi mbili," akasema. "Karibu mama, usiogope. Hana neno na wageni."

Akatueleza tabia za mkewe wa ukutani. Jumapili alipoa kabisa, kwa kuwa hata akiwa hai Jumapili alikwenda kwa dada yake. Aliwahi kuja bwana mmoja mwenye vipimajoto vitatu, anayejiita mtaalamu wa mizimu. Alikuja Jumapili mchana, akaukuta ukuta baridi, akatangaza kwamba mzimu umemkimbia. Na mwaka juzi mkewe alinuna kwa siku tisa mfululizo, ukuta ukawa baridi kabisa, kisa mzee alisema chakula cha binti yake kina chumvi nzuri kuliko cha mama.

"Baba," yule muuguzi akasema, "nyumbani kwangu kuna chumba. Kuna jua. Kuna watu."

"Nikija kwako, huyu nimwachie nani?" Mzee akaketi, akaegemeza mgongo. "Mama, ngoja nikwambie wewe, maana huyu ameshachoka kunisikia. Mke wangu alilazwa hospitali. Asubuhi ile akaniambia nikae naye. Nikamwambia nakwenda kwa kinyozi mara moja, ndevu zilikuwa zimenijaa, sikutaka aniangalie hivyo. Niliporudi nikakuta kitanda kimetandikwa."

Mzee akajipapasa kidevu.

"Nilipohamia chumba hiki nikaanza kumwomba msamaha. Nikamsikia, mama. Kwa mbali, humu humu. Mwaka mzima aliniambia ninyamaze, ana kazi. Ndivyo alivyokuwa, hakuwa na subira na mtu. Halafu siku moja ya mvua akasema amenisamehe. Ndiyo sababu ninalala usingizi. Bila hilo ningeshakufa."

Mimi nikamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa akikunja mkono wa gauni, polepole, hadi begani. Akaulaza mkono ukutani. Akausogeza upande mmoja, akaurudisha. Nilijua anatafuta nini. Tanuri letu lina tofali lililopasuka upande wa kushoto, huko ndiko moto unakopenda, na mikate ya kushoto lazima igeuzwe mapema. Kwa mtu aliyesimama nyuma yake, huo ni upande wa kulia. Mkono wa Shangazi ukafika kulia, ukatulia hapo. Jumapili hatuoki. Na mwaka juzi Shangazi alilala siku tisa na mguu uliovimba, duka likafungwa.

"Si wazimu," akamwambia muuguzi. "Joto lipo."

Akashusha mkono wa gauni, akaaga. Njiani, tulipofika kiwanda cha mbao, mimi nikashindwa kujizuia. Nilicheka hadi nikashika nguzo.

"Shangazi, mzimu ni wewe."

"Cheka umalize."

"Mke wa watu miaka minne, na hata posa hatukula."

Hakucheka. "Jumatatu mwashi anabomoa," akasema. "Ukuta utapoa, na safari hii hautapata moto tena. Yule mzee atadhani mkewe ameondoa msamaha wake. Nikimwambia ukweli, msamaha haupo vilevile. Nifanye nini?"

"Usibomoe. Endelea kuwasha."

"Kwa magoti haya? Hadi nani afe kwanza?"

Nilijiona nimeuelewa ugumu wake wote. Nilikuwa nimeelewa nusu.

Jumamosi tukaingiza mkate wa pili, mikate sabini. Shangazi akasimama mbele ya tanuri akisikiliza. Sauti ikaja, ile ile, ikinong'ona mambo yake. Ghafla akavua aproni. "Twende," akaniambia. "Nikienda peke yangu nitarudi njiani." Nikamkumbusha kuna mkate ndani. Akasema tutawahi, na wote wawili tulijua magoti yale hayawahi kitu.

Mzee alitufungulia, akatupeleka chumbani kwake. Shangazi hakukaa. Alimwambia kila kitu akiwa amesimama: mwashi mvivu aliyelijenga tanuri akatumia ukuta wa watu kama mgongo wake, ufa uliopitisha sauti, Jumapili za mapumziko, mguu uliovimba. Alisema hata lile la "nyamaza, nina kazi".

Mzee akauliza, "Tanuri lako lina upana gani?"

"Sijawahi kulipima. Mikono mitatu na viganja viwili."

Akafungua futi kamba, akamwomba anyooshe mkono. Akaupima, akakipima na kiganja, akahesabu kwa midomo. Futi tano na inchi mbili. Akairudisha kamba kiunoni kwa uangalifu mkubwa.

"Miaka arobaini nimepima viwanja vya watu," akasema. "Sikuwahi kutazama nyuma ya ukuta wangu mwenyewe." Halafu akaketi kitandani, si kwenye kiti chake. "Basi hakunisamehe."

Shangazi naye akaketi. Nilidhani ni magoti.

"Na mimi basi sikuombwa," akasema.

Hapo ndipo nilipoiona nusu nyingine, na nilijionea aibu kwa kicheko changu chote cha njiani. Shangazi alikuwa ametembea robo saa kuja kumnyang'anya mzee mkewe, na palepale akajinyang'anya mume. Alijua tangu Ijumaa, mkono ulipokuwa ukutani.

Mzee akamtaka amweleze, naye akamweleza kuhusu kiatu, koti na ile chai. Mzee alisikiliza, mikono juu ya mapaja.

"Sasa kwa nini ulisema umesamehe?"

"Nilikuwa nimechoka kukasirika."

"Lakini ulikuwa unasema kweli?"

"Kweli tupu."

"Na mimi nilikuwa naomba kweli," mzee akasema. "Sivyo?"

"Uliomba vizuri sana. Nani asingekubali." Shangazi akafuta uso kwa ule mkono wake usio na nywele. "Niambie na wewe. Kwa kinyozi ulikwenda kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yake."

"Basi angekusamehe nini? Ningekuwa mimi ningekufokea tu kwa kuchelewa."

Mzee akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani, akalia kwa sauti, bila kujificha. Shangazi hakumwambia anyamaze. Mimi nilikuwa nikitazama sakafu. Kupitia ufa ule harufu ikaanza kuingia, mwanzoni tamu, halafu chungu.

"Miaka ile miwili," mzee akasema alipopata pumzi, "alikuwa wapi?"

"Sijui."

"Hukumwuliza?"

"Niliogopa angeniambia."

Sijawahi kusikia akilisema hilo kwa mtu yeyote, si kwa baba yangu, si kwa mwanawe. Moshi sasa ulionekana, uzi mwembamba ukipanda katikati ya mchoro wa chaki.

"Shangazi," nikasema, "mkate."

"Wacha uungue," akasema, akamgeukia mzee, akaendelea kusimulia.